Uta wa Baba Mkwe

Uta wa kwanza niliopata kuushika haukuwa wangu, wala sikuweza kuuvuta. Ulikuwa wa mzee mmoja wa Kiwaata aliyezoea kuja Malindi kuuza asali kutoka nyika za mto Sabaki, na sisi watoto wa hirimu moja, ambao mata yetu yalikuwa fito mbichi zilizofungwa uzi wa mshipi, tulimsihi atupe tuujaribu. Watu wa kabila lake walisifika kwa mata mazito kupita kiasi, waliyowindia ndovu kwa mishale ya sumu katika nchi ya Tsavo. Na ule wake tuliuvuta kwa zamu, mmoja baada ya mmoja, bila upote kusogea zaidi ya upana wa kiganja. Mzee alitungoja tuchoke, akautwaa, akasema kuwa uta ule aliuchonga kwa mkono wake ili uufae mkono wake, nasi tungojee yetu. Nilidhani anajisifu nguvu, na kwa zaidi ya miaka 30 sikuwa na haja ya kuyafasiri maneno yale kwa namna nyingine.

Kudura ilinichukua mpaka Uingereza, nikaoa huko, katika jimbo la Hampshire, binti wa mtu aliyekuwa akivuta uta mrefu wa Kiingereza tangu ujana wake. Kwetu pwani mkwe ni mtu wa kustahiwa: huketi mbele yake ukanyosha miguu, wala hutaniani naye, na yeye kwa tabia yake alikuwa mkimya, basi taadhima yangu na unyamavu wake vilikutana vikafanya ukuta, si ukuta wa uadui, bali wa watu wawili wapendanao wasiojua waanzie wapi kusema. Tulichoshirikiana kilikuwa uta. Kila Jumapili alinichukua uwanjani akanifunza mambo matano ambayo Roger Ascham aliyapanga katika kitabu chake cha mwaka 1545, nayo ni kusimama, kupachika mshale, kuvuta, kushikilia na kuachia. Akanisahihisha kwa kunigusa kidole begani au kiwikoni, aghalabu bila neno.

Mwaka huo huo wa 1545 ndipo marikebu ya Mfalme Henry wa Nane, iitwayo Mary Rose, ilipozama karibu na Portsmouth, ikalala katika matope hata mwaka 1982 ilipoinuliwa. Na katika makumbusho ya marikebu hiyo Baba Mkwe alinipeleka siku moja ya baridi, tukasimama mbele ya mata yaliyotolewa humo. Mazima yalikuwa 137, na mishale zaidi ya 3,500. Wataalamu hukadiria kuwa mata hayo yalitaka nguvu ya ratili 100 hata 185 kuyavuta, hali yeye katika ukamilifu wa siha yake alivuta 60. Kadhalika walichunguza mifupa ya waliokufa na marikebu ile, wakaona kuwa kwa wengi kuliko ilivyo kawaida ncha ya mfupa wa bega haikuungana na mfupa wenyewe, jambo linalodhaniwa kutokana na kuvuta mata mazito tangu utotoni. Habari hiyo ya mabega Baba Mkwe aliisoma mara mbili, akaondoka polepole. Mimi nilikuwa nikiwaza ratili. Uta wake ulikuwa umechoka, umepinda kuufuata upote hata ulipofunguliwa, na mwezi wa Juni uliokuwa mbele angetimiza miaka 70; nikaazimia kumtengenezea mwingine wa nguvu ile ile ya 60, na kumficha mpaka siku yenyewe.

Mata ya zamani yalichongwa katika gogo moja la mti uitwao yew, ambao Mola ameuumba na tabaka mbili kama kwamba aliukusudia kazi hiyo: weupe wa nje huvumilia kunyoshwa, na moyo mwekundu wa ndani huvumilia kubanwa, basi fundi huuacha weupe uwe mgongo wa uta, upande uelekeao shabaha, na moyo uwe tumbo, upande umwelekeao mvutaji. Gogo la namna hiyo, lililonyoka na lisilo na vifundo, ni adimu, na anayelikosa huunganisha mbao za miti mbalimbali kwa gundi, kila mmoja ukishika kazi uiwezayo. Nilichagua hikori ya Marekani kuwa mgongo, kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu na ngumu kukatika. Katikati nikatia ubao wa rangi ya zambarau utokao Amerika ya Kusini. Na tumbo likawa la mti ambao Waingereza huuita mlimau, ijapo si mlimau wala hauzai malimau, nao zamani waliuleta kutoka Kuba. Wako wanaoudharau uta wa mbao za kuunganishwa, wakisema kuwa si uta halisi. Mimi siafikiani nao, maana fundi wake hakuzua kitu, ila amejifunza kwa mti wa kwanza.

Nilichonga kalibu katika boriti ya futi sita na nusu, nikaipa mkunjo mdogo wa kinyume ili uta uzaliwe na akiba ya nguvu. Mbao tatu nilizipiga randa hata zikawa nyembamba kama ukanda, na nyembamba zaidi kuelekea ncha, nikazipaka gundi, nikazibana kwa jiriwa 20 kwa nguvu zangu zote, kwa dhana kwamba kiungo kilichobanwa sana ndicho kilichoungana sana. Uta ule ulipovutwa inchi 22 ulitoa mlio mkavu, mgongo ukaachana na tumbo. Nilipoupasua niliona kuwa gundi yote nilikuwa nimeikamua nje, na mbao zikabaki zimelaliana kavu. Wa pili niliufunga kwa vipande virefu vya mpira wa ndani wa baiskeli, kuzunguka na kuzunguka, ukabanwa sawasawa na kwa upole, nikauacha siku mbili katika sanduku la joto. Na huo ulishika.

Kisha ilifuata kazi ambayo kwangu ndiyo tamu kupita zote, ya kuufunza uta kupinda. Uta huwekwa katika kigingi ukutani, upote wake ukavutwa kwa kamba ipitayo katika kapi chini, na fundi husimama mbali akitazama umbo la mkunjo. Mahali palipo pagumu hupakwaruza kwa kipande cha chuma chenye makali, akauvuta tena mara 30 ili mti uzoee, akatazama tena. Haiwezekani kuharakisha. Nilikuwa nikirudi kazini usiku, nikakwaruza kiasi cha unga wa kujaza kijiko, nikalala. Mwisho wa Januari mikono yake miwili, wa juu na wa chini, ilipinda kama mwezi mchanga, na mizani ilionyesha ratili 60 katika inchi 28. Nikaiandika tarakimu hiyo kwa wino tumboni mwa uta, juu ya mshikio, kama ilivyo desturi ya mafundi, na sikumbuki kuandika kitu kingine chochote kwa furaha kama ile.

Mwezi wa Februari Baba Mkwe aliteleza juu ya barafu mlangoni pake, akavunjika bega la kulia. Mfupa uliunga, ila nguvu haikurudi. Aprili nilikwenda kumjulia hali, nikapitia bustanini bila kupiga hodi, nikamwona kwa mlango wa banda ulio wazi, amenipa mgongo, amesimama na uta wake wa zamani kama alivyonifunza kusimama. Alivuta. Upote ulifika kifuani, haukufika kidevuni, ukakaa pale ukitetemeka. Akaurudisha taratibu bila kuuachia, akafungua kitanzi, akaufuta uta kwa kitambaa toka ncha hata ncha, akautundika. Nilirudi kinyumenyume mpaka langoni, nikapiga hodi kwa sauti kubwa kama mtu aliyefika wakati ule.

Siku tatu sikuugusa uta wangu. Nilikuwa nikimwona yule mzee wa asali na watoto waliomzunguka, nami nilifahamu sasa kwamba hakutuambia habari ya nguvu zake, bali habari ya kipimo chake. Mkononi mwangu nilikuwa na uta uliopimwa kwa mtu aliyekuwapo zamani, na sehemu yake, yanipasa kukiri, uliopimwa kwa ghururi yangu mbele ya vioo vya makumbusho.

Hospitalini alipewa mpira wa mazoezi, na kila asubuhi aliuvuta. Mke wangu alinieleza baba yake hufikisha wapi. Nikatafuta mpira kama ule, nikautundika katika mizani, nikauvuta hata alama ile. Ratili 34. Ndipo nilipotwaa randa, na pao lake la kwanza likachukua ile tarakimu ya wino. Tumbo la uta halitaki pupa, maana unene ukipunguzwa sehemu moja ya kumi tu, zaidi ya robo ya nguvu imekwenda. Kwa hiyo baada ya siku mbili za randa nilirudi kwenye kijiko changu cha unga, 50, 44, 39, nikaupunguza na upana pia ili ubao wa mlimau usiishe, na ule mstari wa zambarau ubavuni ukazidi kuonekana kadiri uta ulivyokonda. Pembe za ncha nilizichonga upya ziwe ndogo. Mahali pa tarakimu nilipapiga msasa, nikapapaka mafuta, nikapaacha patupu.

Siku ya Juni aliupokea kwa mikono miwili. Tulitoka bustanini sisi wawili. Akaupinda kwa goti na kutia upote kwa namna yake ya siku zote, kisha akaugeuza tumbo juu, akapitisha dole gumba juu ya mshikio, mahali fundi aandikapo ratili, likapita juu ya mti mtupu, likarudi, likapita tena. Alinitazama. Mimi nilitazama nyasi, kama inavyompasa mkwe.

Alipachika mshale, akavuta, upote ukafika kidevuni ukatulia, akaachia. Na mshale ukaingia katika shabaha ya majani makavu, hatua 20 mbele yetu. Alibaki vile vile, mkono wa kushoto umenyoka mbele, hata uta ulipoacha kutikisika. Kisha, pasipo kugeuka, alinyosha nyuma mkono wake wa kulia kunielekea, akaufungua kiganja, nikatia mshale wa pili.