Randa ya Babu na masikio ya mjukuu

Mwaka jana mume wangu alimnunulia baba yangu zawadi ya randa ya umeme. Baba ni seremala mstaafu, tukadhani tumemfurahisha, na kweli alifurahi. Siku hiyohiyo aliichomeka kwenye banda lake nyuma ya nyumba, akaanza kulainisha mbao za kitanda cha mjukuu wake.

Binti yangu wa miaka sita alitoka bandani ameziba masikio kwa viganja. Babu yake hakuona tatizo lolote. Aliendelea, uso umetulia, kama mtu anayepiga pasi shati.

Ningepaswa kuelewa palepale. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na nimewahi kuandika kuhusu wafanyakazi wanaopoteza usikivu kwa kelele za kazini. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wengi nakijua kwa kichwa: desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka desibeli tatu, muda salama unapungua kwa nusu. Niliyaandika hayo yakachapwa, kisha nikarudi nyumbani nikamfokea baba yangu: "Baba, nimekuita mara tatu!" Tulikuwa hata na utani wetu, kwamba Mzee husikia anachotaka. Akiitwa chakula anasikia, akiombwa hela hasikii.

Kilichonishtua ni maneno ya mtoto. Nilimuuliza kwa nini siku hizi hamsimulii babu habari za shule. Akasema, "Babu hanipendi. Nikiongea hanijibu."

Wiki iliyofuata tulikuwa kwa daktari wa masikio. Baba alivalishwa vipokea sauti, akaambiwa anyooshe kidole kila akisikia mlio. Kwa sauti nzito alinyoosha vizuri. Zilipoanza nyembamba, mkono ulibaki umelala pajani. Daktari alitueleza kwamba kelele za miaka mingi huanza kula sauti nyembamba: ndege, mlio wa simu, herufi kama s na f, na sauti za watoto. Baba alikuwa amekaa zaidi ya miaka 30 kando ya mashine ya kuranda na msumeno wa umeme, bila kinga yoyote masikioni. Zile chembe ndogo za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikishakufa hazioti tena.

Nikafanya kosa lingine. Nilirudi nyumbani na lugha yangu ya gazetini, nikamwambia mashine ile sasa basi. Vizibo vya masikio nilikuwa nimemnunulia. Alivivaa mara moja akasema vinamfanya ajione yuko kaburini. Basi randa ya umeme ikapandishwa juu ya kabati, na Baba akahamia kibarazani. Alikaa pale karibu mwezi mzima, mikono magotini, akiangalia watu wanaopita. Mzazi akinyamaza namna ile huwezi kujua kama amekukubalia au amekususia.

Kilichomtoa kibarazani ni mchwa. Tulikuwa tunapanga upya stoo, tukafungua sanduku lake la zana za ujana. Randa yake ya kwanza, ya mbao, ilikuwa imeliwa. Ukiigusa inamong'onyoka. Kilichobaki ni kisu chake cha chuma, upana inchi mbili, kimeota kutu lakini kinene na kizima. Baba alikipangusa kwa shati lake, akakiinua kwenye mwanga, akasema, "Hiki bado."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutengeneza randa nyumbani, watu watatu, Jumamosi kwa Jumamosi.

Alichagua mkongo, kipande cha fremu ya mlango wa zamani kilichokauka miaka mingi. Alisema mchwa hawaupendi, na mbao iliyokwisha kukauka hivyo haipindi tena ovyo. Tulikata kipande cha urefu wa inchi 10, upana inchi tatu. Zamani yeye na wenzake walichimba tundu la kisu kwa patasi, kazi ya siku nzima. Mimi nilimwonyesha kwenye simu njia nyepesi iliyoenezwa na James Krenov, fundi samani aliyefundisha California na kufariki mwaka 2009. Unapasua kipande kwa urefu, unapata mashavu mawili na kiini. Kiini unakikata mara mbili: nyuma mteremko wa digrii 45 ambao kisu kitaulalia, mbele mteremko wa kupitishia maranda. Kisha unagandisha vyote kwa gundi, ukiacha nafasi katikati. Pini ya mbao inapita kutoka shavu hadi shavu, na kabari inabana kisu dhidi ya pini hiyo.

Baba aliangalia picha muda mrefu. "Huyu mzungu mvivu," akasema. Halafu akachukua msumeno.

Mtoto alishika penseli, akapiga mistari na kupaka gundi (nyingi ilienda kwenye gauni). Kisu hakugusa, hilo nililisema tangu mwanzo na babu yake aliniunga mkono. Kikiwa hakitumiki kinafungwa kitambaa na kuwekwa juu. Kazi ya msasa tuliifanya nje, sisi wakubwa tumevaa barakoa, mtoto akiwa mbali. Vumbi laini la mbao si la kuchezea. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeliweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu miaka ya 1990. Randa ya mkono ina nafuu hapo, kwa kuwa hutoa zaidi maranda, na ya kwetu jirani huja kuyachukua kwa ajili ya banda la kuku.

Niliharibu mimi. Tumbo la randa lazima linyooke kabisa, kwa hiyo unatandika msasa juu ya kioo na kusugua, kisu kikiwa kimebanwa ndani lakini kimerudishwa juu, maana mbano wa kabari hukunja mwili kidogo. Kadiri unavyosugua, mdomo wa randa unapanuka. Ulitakiwa kubaki upenyo mwembamba, chini ya milimita moja. Nilinogewa, nikasugua hadi sarafu ingepita. Randa yenye mdomo mpana huchimbua mbao badala ya kuikata. Nilidhani Baba angekasirika, kumbe alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya daktari. Alichonga kipande cha mpingo chenye upana wa kidole, akakipachika mbele ya mdomo kama kiraka. Ndicho sehemu nzuri kuliko zote kwenye randa yetu.

Siku ya kuijaribu alibana ubao wa mninga, akagonga kisu taratibu kwa nyundo ndogo ili kishuke, akasukuma. Hakikutoka kitu. Akagonga tena. Safari hii ulitoka utepe mwembamba, ukajikunja hadi sakafuni. Akasukuma mara ya tatu kisha akasimama, akainamisha kichwa kama anayetafuta kitu alichokiangusha.

Alinieleza baadaye. Fundi husikiliza randa. Kisu kikiwa kikali na kikifuata nyuzi za mbao, hutoa mlio mrefu, mwembamba, usiokatika. Kikianza kuwa butu mlio unakuwa mfupi na mkavu, na ukienda kinyume cha nyuzi unasikia mpasuko kabla ya jicho kuuona. Mlio ule mzuri hakuusikia. Alijua umo kwa sababu mkono ulimwambia.

Alimgeukia mjukuu wake. Humwita "mama" kwa kuwa amerithi jina la mama yake mzazi.

"Mama, inasemaje?"

Mtoto alifikiri. Akasogea mbele yake, uso kwa uso, kama daktari alivyotufundisha, akasema kwa sauti nzito ya kuigiza: "Inasema shiiii."

"Ikianza kusema krrr, nishike shati."

Sasa ndivyo wanavyofanya kazi. Jumamosi iliyopita nilikuwa jikoni, nikasikia randa ikikwaruza, kisha kimya. Nilipochungulia, Baba alikuwa amegeuza ubao upande wa pili, na mtoto alikuwa ameshikilia shati lake kwa nyuma, akimsimulia kwa ile sauti nzito jinsi mwenzake wa darasani alivyomwaga uji. Kifaa cha kusaidia kusikia bado tunakichangia fedha ndugu wote. Kitanda hakijaisha, bado mbao mbili za ubavuni.