Gari Dogo la Mlimani: Jipya, la Japani au la Hapa Nyumbani?

Mimi ni fundi wa magari mjini Nyeri. Wateja wangu wengi huanza kunijia wakiwa bado hawana gari. Mwalimu amekubaliwa mkopo na sacco yake, muuguzi amechoka kungoja matatu alfajiri yenye baridi, mkulima wa Othaya amepokea bonasi ya chai mwezi wa Oktoba. Wote huniuliza jambo moja: "Fundi, nichukue jipya au lililotumika?"

Huwa nawaambia kwamba machaguo ni matatu. Kuna gari jipya kabisa kutoka kwa muuzaji rasmi. Kuna lililotumika Japani likashushwa Mombasa, ambalo bado halijaonja barabara zetu. Na kuna lililokwisha kutumika hapa Kenya, linalouzwa na mwenyewe au na dalali. Hayo mawili ya mwisho huitwa kwa jina moja, "mtumba", lakini ukiyapandisha juu ya shimo la gereji na kuyaangalia kwa chini, utaona ni vitu viwili tofauti. Anayelipa bei ya la Japani kisha akapewa la hapa nyumbani lililopigwa rangi upya amepata hasara kabla hajawasha injini.

Kabla ya kuchagua, fikiria kwanza mahali unapoishi. Nyeri iko takribani mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Toyota Vitz ya sisi (cc) 996 ikibeba watu watano na gunia la viazi, ikitoka Sagana kuja juu, hulazimika kuzunguka kwa kasi kubwa muda mrefu. Wenyewe hudhani injini imechoka, wakataka plagi na pampu zibadilishwe. Mara nyingi injini ni nzima kabisa. Inayoumia ni giaboksi, maana ndiyo inayobeba mzigo wa mlima siku baada ya siku.

Ndiyo sababu humwambia mtu wa milimani atafute sisi 1300 au 1500 badala ya 1000. Ushuru wa bidhaa kwa magari yasiyozidi sisi 1500 ni asilimia 20, na kiwango hicho hakipungui kwa sababu umechagua injini ndogo kuliko zote. Hesabu ya kodi ni vizuri kila mnunuzi aijue. Chukua gari ambalo forodha imelithamini kwa shilingi 500,000. Ushuru wa forodha, uliopanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, ni shilingi 175,000. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya jumla hiyo, nao ni 135,000. Kodi ya VAT ya asilimia 16 hufuata juu ya yote, 129,600. Hapo umefikisha shilingi 439,600, na ada nyingine za uagizaji na za bandarini bado. Kumbuka pia kwamba thamani hiyo hukadiriwa na Mamlaka ya Mapato (KRA), wala si lazima ilingane na pesa ulizomtumia muuzaji wa Japani.

Watu huuliza kwa nini Mjapani auze gari linalong'aa hivyo. Sababu ni sheria ya kwao. Gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama kubwa. Wengi huona heri kuuza kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Sisi nasi, kwa kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya, hatupokei gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Maana yake, linaloingia mwaka 2026 liwe limesajiliwa 2019 au baadaye. Hapa pana jambo ambalo wapenzi wa Vitz hawajalitafakari: Japani iliacha jina hilo mwaka 2020, gari likawa Yaris. Kwa hiyo Vitz inayoweza kuagizwa inakaribia kwisha, na zile utakazoziona kwenye yadi za Karatina, Embu na Nanyuki zitazidi kuwa zilizotumika humu humu nchini.

Ukiagiza kutoka Japani, dai karatasi ya mnada. Gredi 4 au 4.5 ni gari zuri. Ukiona herufi R, jua liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kisha chungulia chini. Magari ya kaskazini, kama ya Hokkaido, hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma cha chini ingawa rangi ya juu inameta. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake: ukikuta alama ya matope, gari hilo liliingia maji ya mafuriko. Angalia na mpira wa pedali ya breki. Pedali iliyolika haiwezi kukubaliana na dashibodi inayodai kilomita 40,000.

La hapa nyumbani ndilo rahisi kwa bei, na ndilo linalotaka macho makali zaidi. Anza na karatasi: lipia rekodi ya gari katika mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia eCitizen uone mwenye gari ni nani, na kama benki au mkopeshaji ameandikwa humo. Halafu liendeshe hadi injini na giaboksi vipate moto. Wauzaji hupenda kukuzungusha mjini dakika tano kwenye lami tambarare. Mimi hupanda nalo barabara ya Ihururu, upande wa Aberdare, angalau nusu saa. Giaboksi ya CVT (automatiki isiyo na hatua za gia) iliyochoka hujificha ikiwa baridi. Ikishapata joto mlimani hutetemeka, hulia, au injini hupiga kelele bila gari kusogea inavyostahili.

Giaboksi hizi za CVT, zilizomo ndani ya Nissan Note na Honda Fit nyingi, hazina ubaya zikitunzwa. Kinachoziharibu ni mafuta yasiyo yake. Nissan wana mafuta yao, Honda yao, Toyota yao. Nimefungua giaboksi iliyotiwa mafuta ya kawaida ya automatiki kwa sababu yalikuwa rahisi dukani, nikakuta mkanda wa chuma umekwaruza puli hadi vumbi la chuma limejaa chini. Mwenye gari alikuwa mama wa watoto watatu aliyelinunua kwa akiba ya chama. Sikupata la kumwambia lililompunguzia uchungu. Tangu hapo, kwa mtu anayeishi penye vilima, hupendekeza gari lenye giaboksi ya gia za kawaida, au automatiki yenye hatua kama ile ya gia 6 katika Mazda Demio za kuanzia mwishoni mwa 2014.

Chunguza pia kimo cha gari. Magari haya madogo huketi sentimita 14 au 15 tu kutoka chini. Kwenye njia za vituo vya chai za Tetu na Othaya, lori huacha mfereji kila upande na tuta katikati, na tuta hilo hugonga sampu ya oili. Wengi huinua gari kwa speisa juu ya springi. Speisa nene hupinda pembe za ekseli, na jointi za magurudumu ya mbele hufa mapema. Ukikuta gari limeinuliwa, zungusha usukani hadi mwisho, uliendeshe polepole na usikilize mlio wa "ka-ka-ka".

Na gari jipya? Lina heshima yake, tena si ndoto. Volkswagen walianza kuunganisha Polo Vivo Thika mwezi wa Desemba 2016, mwendo mfupi kutoka kwetu. Unapata dhamana, unajua historia yote, na hakuna aliyelidanganya kabla yako. Lakini dhamana huendana na masharti ya sevisi kwa ratiba, benki itakutaka bima kamili kwa muda wote wa mkopo, na thamani hushuka sana miaka ya mwanzo. Linamfaa mtu wa biashara anayekwenda mbali kila wiki na atakayekaa nalo miaka kumi. Kwa mwalimu wa Mukurweini anayekwenda shuleni, sokoni na kanisani, malipo ya kila mwezi yatakula karo ya watoto.

Hukumu yangu ni hii. Kwa familia nyingi za miji ya Mlima Kenya, nunua lililotumika Japani, la sisi 1300 au 1500, giaboksi isiyo CVT ukiweza. Kama pesa hazifiki, chukua la hapa nyumbani lenye rekodi za sevisi, hata kama lina mikwaruzo. Mkwaruzo ni kazi ya mchana mmoja. Giaboksi ni mshahara wa miezi. Katika yote, usimalize pesa zako kwenye bei. Tenga sehemu moja ya kumi kwa oili, mafuta sahihi ya giaboksi, bushi, breki na matairi, uvifanye mwezi wa kwanza. Na kabla hujatoa malipo ya awali, hata kama muuzaji ni mtu wa kanisa lenu, nenda na fundi unayemwamini, umlipe kwa muda wake. Muuzaji mkweli hatakataa gari lake likaguliwe. Anayekataa, muage na uondoke.