Taa za Mbele: Mita ya Coventry na Globu ya Gerezani

Gari la zamani likianza kupoteza mwanga wa mbele, wengi wetu tunakimbilia dukani kununua globu. Mara nyingi globu haina kosa lolote. Umeme unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi, swichi, soketi na waya wenye umri wa miaka 30, na kila kiungo chenye kutu kinameza sehemu yake. Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: globu ya halojeni ikipungukiwa asilimia 10 ya volti zake, mwanga hushuka kwa karibu asilimia 30. Dereva anadhani ni macho yake.

Ninaishi Coventry, Uingereza, na gari langu ni Volkswagen Golf ya 1991. Hapa gari likishafikisha miaka 3 linakaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaoitwa MOT, na taa moja ya mbele isiyowaka inatosha kulinyima cheti. Mkaguzi haishii kuangalia kama taa inawaka. Anasogeza kifaa mbele ya taa na kupima mwanga unaangukia wapi, maana taa iliyoinuka inampofusha anayekuja.

Kabla ya ukaguzi wa mwaka jana, taa yangu ya kushoto ilififia ikawa ya njano kwenye dimu. Gereji niliyoipeleka ilitaka kubadilisha seti nzima ya nyaya za mbele. Ninawaelewa. Saa ya fundi huku ni ghali sana, na kuhangaika na waya mmoja nusu siku kunaweza kumuumiza mteja kuliko kununua seti mpya. Ila mimi nilikuwa na muda, na nilikuwa na mchoro.

Mchoro huo ndio jambo ninalolipenda zaidi huku. Kitabu cha matengenezo cha Haynes cha gari lako kinakuonyesha kila waya na rangi yake. Magari ya Kijerumani yana pia namba za vituo vya kuunganishia nyaya: 30 ni chanya ya moja kwa moja kutoka kwenye betri, 31 ni erthi, 56a ni fulu, 56b ni dimu, na waya wa erthi ni wa kahawia. Nikachomoa soketi nyuma ya taa, nikaweka mita: volti 12.4. Kwa hesabu hiyo umeme upo na kazi imekwisha. Nikairudisha soketi, nikawasha taa, nikapima upya ikiwa inafanya kazi. Zikabaki 9 na kidogo.

Mita ya dijitali haivuti umeme wowote wa maana, hivyo hata njia mbovu itaionyesha volti zote. Globu ya wati 55 inavuta karibu amperi 5, na hapo ndipo ubovu unajitokeza. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mguu wa erthi wa taa inayowaka. Ilipaswa kusoma karibu na sifuri. Ikasoma zaidi ya 2. Chanzo kilikuwa bolti inayofunga erthi kwenye bodi, imeoza kwa chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Msasa, kichwa kipya cha waya, grisi kidogo, taa ikarudi kuwa nyeupe.

Nilipokwenda likizo Dar es Salaam, nikaongozana na kaka yangu hadi eneo la Gerezani. Hilux yake ya miaka ya 90 ilikuwa na ugonjwa unaofanana: dimu inawaka upande mmoja tu. Fundi umeme aliyeipokea hakuwa na mita wala mchoro. Alikuwa na globu kuukuu ya H4 iliyoungwa kwa solda na nyaya mbili ndefu zenye vibanio. Nilimtazama kwa makini, kwa sababu globu ile inafanya bila hesabu yoyote kile ambacho mita yangu ilihitaji ujanja kukifanya: inaubebesha waya mzigo halisi. Ikiwaka kwa nguvu zote, njia ni nzima. Ikiwaka kwa uvivu, ubovu uko hapo hapo. (Kwenye magari mapya yenye kompyuta usithubutu, mzigo ule unaweza kuunguza vitu vya bei mbaya.)

Tena alijua jambo ambalo mtu aliyezoea Golf angelikosea. Kwenye Toyota nyingi za zamani, Hilux na Land Cruiser zikiwamo, swichi inakata upande wa erthi. Ukiwasha taa, chanya inafika kwenye globu moja kwa moja, na swichi ya fulu na dimu inachagua uzi upi upelekwe erthi. "Kwenye hizi, bosi, usihangaike kutafuta umeme. Tafuta erthi," akasema, akiwa ameshika soketi iliyopata weusi kwenye mguu mmoja. Haikuchukua muda kulipata tatizo.

Kinachoniuma kinaanza baada ya hapo. Utambuzi wa daraja la juu unamaliziwa kwa kusokota nyaya na kuzungushia selotepu, ambayo joto la boneti na hewa ya chumvi ya pwani vitaibandua. Fyuzi ikiungua mara mbili, kinawekwa kipande cha waya, na siku ya shoti kinachoungua ni gari. Dereva anayetaka mwanga zaidi anauziwa globu za wati 100. Mbili zinavuta karibu amperi 17 kwenye nyaya zilizotengenezwa kwa amperi 9, soketi inayeyuka. Mwingine anafunga LED kwenye taa ya halojeni, mwanga unatawanyika, na usiku kati ya Chalinze na Morogoro dereva wa lori anayekuja haoni kitu. Huku Uingereza ubadilishaji huo unakataliwa kwenye ukaguzi, na ninaunga mkono kwa moyo wote.

Mafundi wetu wanastahili malipo ya kazi nzuri, na kazi nzuri tunaiua wenyewe tunapobishania elfu mbili ya solda. Kwa hiyo ukienda gereji, mwambie fundi aunge kwa solda au kwa kichwa cha kubana, arudishe fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko, na ikiwa taa ni hafifu, afunge rilei yenye fyuzi yake kutoka kwenye betri. Kisha jioni egesha gari sehemu tambarare, mita 10 kutoka ukutani, uwashe dimu. Kwa gari dogo, ukingo wa juu wa mwanga uwe karibu sentimita 10 chini ya kimo cha kitovu cha taa. Ukizidi hapo, zungusha skrubu nyuma ya taa mpaka ushuke, ndipo uingie barabara kuu.