Kosa la Ukingoni

Mimi ni seremala wa Nzega, penye njia panda ya Tabora, Singida na Shinyanga. Napenda kusimulia kosa langu moja, huenda kijana anayejifunza kazi akapata faida.

Mzee mmoja aliniletea mbao za mninga alizozikausha miaka mitatu, nimtengenezee kabati la binti yake aliyekuwa karibu kuolewa. Nilipokuwa nikichonga ukingo wa mlango kwa ruta, yaani mashine ya mkono yenye kisu kizungukacho kwa kasi, mashine ikainama penye pembe, kisu kikaula ubao upana wa kidole.

Shetani akaninong'oneza: Changanya unga wa mninga na gundi, ziba, paka vanishi; nani atajua? Nikakumbuka jinsi Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini. Basi nikamwita mzee, nikamwonyesha. Akapapasa jeraha lile, akanyamaza kitambo, kisha akauliza: "Mwanangu, na kesho utaizuiaje isiiname tena?" Sikuwa na jibu.

Usiku nikatafakari. Kitako cha mashine ni kidogo. Ukingoni, kiasi cha nusu yake tu hulala juu ya ubao. Penye pembe ni kama robo, na sehemu iliyobaki yaning'inia hewani. Dawa yake ni kitako kirefu upande mmoja, chenye kishikio cha kukandamiza juu ya ubao.

Asubuhi nikachomoa waya wa umeme kwanza, nikafungua skrubu za kitako cha kiwandani, nikakilaza juu ya plaiwudi ya milimita 9 na kutia alama za matundu. Nikatoboa kwa keekee, nikapanua midomo ya matundu ili vichwa vya skrubu vizame, visikwaruze kazi. Kwa kuwa plaiwudi ilikuwa nene, skrubu za zamani hazikufika; nikatafuta ndefu zaidi. Tundu la katikati sikulikisia: nilipokwisha kufunga kitako, nilikishusha kisu chenyewe polepole, kikajitobolea njia. Mwisho nikapiga msasa na kupaka nta ya nyuki, ambayo kwetu haikosekani.

Ubao mwingine niliununua kwa fedha yangu. Mzee alipokuja kuchukua kabati, hakutazama milango kwanza. Alishika kishikio kile, akakikandamiza penye pembe ya meza. Mashine haikutikisika. "Sasa umenijibu," akasema.