Bundi Kwenye Sabuni

Jumamosi, 8 Machi 2025

Makongeni, Thika. Muuza vyuma kuukuu amenitolea kibao cha bati cha sabuni ya Omo, kimeliwa na kutu pembeni lakini zile herufi tatu zinasomeka vizuri. Nikamwonyesha: O mbili ni macho, M katikati ni mdomo wa ndege. Inasimuliwa kwamba ndizo herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya Bibi Bundi. Kwa Waingereza bundi ni ndege wa hekima. Kwetu akilia juu ya paa, watu huulizana nani mgonjwa.

"Mwalimu, hilo usiliseme hapa," akaniomba. "Mteja akisikia, nitakaa na hiki kibao mpaka Krismasi."

Nimekinunua mwenyewe. Hata sabuni ya unga ya kampuni nyingine tunaiita omo, tumeifulia nepi za watoto wetu, na bundi amekuwa akitukodolea macho wakati wote huo.

Jumapili, 16 Machi

Leo nimekaa sana na nakala ya bango la Reli ya Uganda, lile la mwaka 1908 hivi. Treni inapita, wanyama wamejaa kila upande. Maneno yanazisifu nyanda za juu kuwa makao ya mabwanyenye wakati wa baridi ya kwao, na raha ya wawindaji na ya wanafunzi wa viumbe.

Jina lenyewe ni la ajabu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka uliofuata sehemu hiyo ikaondolewa Uganda na kutiwa upande wetu wa Kenya. Basi Reli ya Uganda ikawa inatembea nje ya Uganda, na Kampala ilingoja hadi 1931. Hapa Thika nako, reli iliyofika 1913 iliitwa tramu.

Kinachoniuma ni kingine. Bwanyenye ametajwa, mwindaji ametajwa, hata mwanafunzi. Waliokuwa wakilima kati ya mto Chania na mto Thika hawamo katika maneno hayo. Karibu wakati huohuo, mwaka 1908, hoteli ya Blue Posts ilianza kupokea wageni kando ya maporomoko. Mchoro ni mzuri kweli, na uzuri huo ndio uliowauzia wageni nchi kana kwamba haikuwa na wenyewe.

Alhamisi, 27 Machi

Nikirudi kutoka Nairobi, matatu ilikwama kwenye foleni Ruaraka, penye kiwanda cha bia. Nikamkumbuka tembo wa bia ya Tusker. George Hurst, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya bia hiyo mwaka 1922, aliuawa na tembo akiwa mawindoni mwaka uliofuata, na bia ikapewa jina la mnyama huyo. Muuaji amebaki kwenye chupa. Aliyeuawa wanywaji wachache wanamjua.

Nyumbani nimeitazama chupa ya Elianto, mafuta ya Bidco, kampuni ya hapahapa Thika. Ni mafuta ya mahindi, lakini elianto kwa Kiitaliano ni alizeti.

Matangazo haya yote yako kwenye mabati yanayouzwa kwa kilo na kuta za maduka zinazopakwa rangi upya kila msimu wa kampeni. Maktaba ya Thika ianze kuyapiga picha mwaka huu, ikianzia Makongeni.