Goma: Mpiga picha atafuta lensi isiyoacha watoto gizani

Katika kartiye moja ya Goma, jimbo la Kivu ya Kaskazini, kuna mzee mpiga picha ambaye hadi leo anatumia kamera kubwa ya mbao, ile ya kujifunika kichwa kwa kitambaa cheusi. Watoto wanaiita sanduku. Filamu yake moja ina sentimeta 13 kwa 18, kubwa kuliko kiganja cha mtu mzima. Kwa sababu filamu ya dukani ni bei kali, anakata ile ya radiografia chini ya taa nyekundu.

Sanduku lilifika kutoka Bukavu kwa boti bila lensi. Wauzaji walimpa mbili achague, zote za aina ya Symmar-S: moja ya milimeta 150, nyingine ya 210. Akachukua ya 150. Haukuwa ujinga. Ili kuingiza kundi la watu lenye upana wa mita 6, lensi ya 150 inataka asimame umbali wa mita 5, ya 210 inataka mita 7. Katika kambi za wahami, mahema yalikuwa yamebanana juu ya mawe ya volkeno, mita 2 zilikuwa nyingi. Tena bei yake ilikuwa ndogo.

Lakini namba ile ya milimeta haisemi yote. Kila lensi inamwaga mwanga wa duara nyuma yake, na filamu ya pembe nne inapaswa kukaa yote ndani ya duara hilo. Filamu ya 13 kwa 18, ukiipima kona hadi kona, ina milimeta 222. Lensi hizi zinaona digrii 70, kwa hiyo duara lake ni urefu wa lensi mara 1.4 hivi. Ile ya 150 inatoa 210. Ile ya 210 inatoa 294. Na hesabu hiyo ni kwa tundu lililofungwa hadi f/22. Ukilifungua zaidi, sehemu iliyo safi inapungua.

Mtu angesema milimeta 12 ni kitu gani? Zingekuwa kidogo kama kamera ingebaki imenyooka. Huko Bulengo, kabla ya kambi kuvunjwa mwezi wa pili 2025, familia kadhaa za jirani ziliomba picha ya pamoja. Mzee alipanda juu ya jiwe ili aone wote, wakubwa nyuma, watoto wameketi mbele. Hakuinamisha kamera, maana watu wangeonekana wamepinda. Akashusha lensi peke yake sentimeta 2, kama kamera hizi zinavyoruhusu. Lensi ikishuka, duara nalo linashuka, na kona za filamu zinazobeba sehemu ya chini ya picha zinabaki mbali. Sasa zilihitaji duara la 248. Kila kona ya chini ilikosa karibu sentimeta 2 za mwanga, na kwenye kona hizo ndipo watoto walikuwa wameketi.

Chini ya kitambaa hakuliona jambo hilo. Kioo cha nyuma huwa na kiza pembeni kila siku, jicho linazoea. Picha ilipotoka, mama mmoja aliishika kwa muda mrefu, akauliza: “Papa, na huyu wangu iko wapi?” Wiki chache baadaye watu wakatawanyika, wengine Masisi, wengine Minova. Picha hiyo haitarudiwa.

Mzee aliuza baiskeli, akanunua ile ya 210. Safari hii aliijaribu kabla ya kulipa. Kioo cha kamera yake kimekatwa kidogo kwenye kona. Alishusha lensi, akachungulia kupitia kona hizo hadi kwenye tundu la lensi. Tundu likionekana duara zima, mwanga unafika. Likionekana kama jani au jicho la paka, kona hiyo itakuwa nyeusi. Baadaye alipiga filamu moja ya majaribio ya ukuta wa matofali, kwa sababu kuna lensi zinazofikisha mwanga kwenye kona bila kufikisha usafi, na sura ya mtu inakuwa ukungu.

Kuna pia lensi pana, kama Super-Angulon ya 120, yenye digrii 100, ambayo ingemaliza tatizo la mahema kubanana. Ni nzito, inafifisha kioo, na bei yake ni mchezo wa wenye mali.

Kwa hiyo sasa anarudi nyuma mita 7, akiomba majirani waondoe kamba za nguo. Ile ya 150 hakuitupa. Kwa filamu ya 9 kwa 12, ambayo kona hadi kona ni milimeta 150, inatosha na inabakiza. Anaipigia picha za mtu mmoja mmoja.