Rola Tano za Shimoni

Tulivuka Likoni baada ya Alfajiri, siku ya kumi na mbili ya mwezi mwandamo, na siku hiyo hatukuiangukia kwa bahati. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu bahari nayo hupanda, na katika bamvua ya pwani yetu maji hufika kilele chake karibu na Alasiri, yakiwa juu kwa mita 3 na zaidi kuliko yalivyokupwa asubuhi. Tulikuwa na chombo cha kushua, na chombo hakishuliwi kwa kalenda ya ukutani. Siku tatu zilitosha kwa kazi iliyotangulia, ikiwa fundi hatatuangusha.

Njia ya Lunga Lunga wengi wenu mwaijua: Ukunda na zogo lake, Msambweni, kisha miwa ya Ramisi kulia na kushoto. Pale Kanana tukakata kushoto kuelekea baharini, na mwisho wa njia ndio Shimoni. Mji ni mdogo na umepewa jina la mapango yake, ambamo wazee husimulia kuwa mateka walifungiwa wakingoja majahazi. Leo wenyeji wenyewe ndio wanaoyasimamia, na kiingilio cha wageni husaidia mahitaji ya mji. Yapo pia magofu ya Kampuni ya Imperial British East Africa, ile iliyopewa hati yake na Malkia wa Uingereza mwaka 1888. Ng'ambo ya mlango wa bahari kuna Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja, ambako kina mama wameungana wakajenga daraja la mbao juu ya bustani ya matumbawe na kupata riziki yao kwalo. Msomaji atakayefika huko asiache kulipita, na awahi maji yakiwa yamekupwa.

Sisi lakini hatukwenda kutembea. Marehemu mmoja tuliyesoma naye chuoni, ubao kwa ubao, alituusia watoto wake watatu kabla ya kufariki. Katika mali yao imo boti ya faiba ya futi 19, ambayo nahodha wa pale huikodi msimu wa kaskazi kuwapeleka wageni Kisite kutazama pomboo na matumbawe. Kodi hiyo ndiyo karo ya watoto. Kusi ikivuma, boti hukwezwa na kukaa miezi kadhaa juu ya trela kuukuu, lililonunuliwa mkono wa pili, pengine wa tatu.

Mwaka uliopita mama wa watoto alitupigia simu. "Sheikh, boti ikikwezwa inalia," alisema. "Naisikia hadi jikoni." Tulikwenda, tukaligonga gurudumu kwa mguu, tukaona linazunguka, tukasema trela bado lina uzima. Tuliogopa kuigusa mali ya mayatima kwa jambo lisilo la lazima, na hofu hiyo tuliiona ni uchamungu. Rola hatukuinama kuzitazama.

Safari hii fundi alitulaza chini ya boti, kanzu tumeikunja, tochi mkononi. Rola ni zile gurudumu fupi za mpira zilizopangwa katikati ya trela, mkuku wa boti ukipita juu yake. Trela hili lina tano, na iliyozunguka ni moja tu. Nyingine jua lilikuwa limezikausha hadi zikapasuka kama kisigino cha mvuvi, na mzigo wa miezi ukazibonyeza upande mmoja zikawa bapa. Ndani yake hali ilikuwa mbaya zaidi. Katikati ya kila rola hupita shafti ya chuma, na maji ya chumvi huingia kati ya mpira na chuma yakakaa. Kutu huvimba, rola hushikwa, na tangu hapo boti haiviringiki tena bali huburutwa. Hicho ndicho kilio alichokisikia yule mama jikoni. Fundi alipitisha kidole chini ya mkuku, akatuonyesha: ngozi ya juu ya faiba imekwanguka kwa urefu wa dhiraa mbili, na nyuzi zimetoka nje kama za kamba iliyochakaa.

Wazee wetu hawakuujua ugonjwa huu. Walikweza majahazi kwa magogo ya minazi. Gogo likitokea nyuma, vijana hulikimbiza mbele, na likilika huwa kuni. Gogo halilali kwenye chumvi, wala halina shafti ya kushika kutu.

Fundi alikuwa ametutumia vipimo mapema, nasi tukazinunua rola Mombasa: urefu kati ya masikio mawili ya chuma yanayoishika rola, upana wa tundu, na unene wa shafti. Huo wa mwisho alitusisitizia usipimwe katikati, ambako chuma kimelika, bali kwenye ncha zilizojificha ndani ya masikio, maana hapo ndipo kipimo cha asili kimebaki. Tulichukua zile ngumu za rangi ya asali, zisizoacha alama nyeusi kwenye boti na zinazovumilia jua kuliko mpira mweusi. Ni ghali zaidi, na dukani tulisimama kitambo.

Tabia haiachi kwa siku moja. Tulimuuliza fundi kama ile rola inayozunguka isiachwe mahali pake, tuokoe bei ya moja. Akacheka kwa adabu. "Sheikh, hii imelika, imekuwa fupi. Ukiiweka katikati ya nne mpya, mkuku hautaigusa. Hizo nne zitabeba sehemu yake, nazo zitakufa mapema." Tukaitoa ya tano mfukoni.

Kazi yenyewe ilikwenda polepole. Boti haikuondolewa kwenye trela. Jeki iliwekwa chini ya mkuku juu ya ubao mpana, ikainuliwa kiasi cha kupisha kiganja, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Rola zilitolewa moja moja, pini ikivutwa na shafti ikigongwa. Shafti mbili zilitoka. Tatu zilikataa katakata, zikakatwa kwa msumeno wa chuma, na jasho la mikato hiyo hatutalisahau. Shafti mpya ni za chuma kisichoshika kutu. Kila moja ilipakwa grisi nzito ya vyombo vya baharini, isiyooshwa na maji, na washa zikatiwa pembeni ili rola iwe na nafasi ndogo ya kupumua. Beringi za magurudumu nazo zilitiwa grisi siku hiyo hiyo. Kwenye mkuku, nyuzi zilisuguliwa, zikaoshwa, zikaachwa zikauke, kisha zikafunikwa kwa faiba mpya.

Usiku ule tulikaa barazani na mama wa watoto, mkubwa wao akiwa amekaa karibu yake na daftari la hesabu. Tulimwambia wazi kuwa rola ni gharama ya mali, lakini jeraha la mkuku ni letu. Tuliambiwa mapema tukazembea, na wasii akizembea hulipa. Alinyamaza kidogo. "Sikutaka kukufundisha, Sheikh," alisema. "Niliona aibu kupiga simu mara ya pili." Neno hilo lilituuma kuliko hesabu. Kisha akamwambia mwanawe, "Andika alivyosema ami yako. Andika yote."

Fundi alikuwa ameacha agizo moja, kwamba kila trela likitoka baharini rola zioshwe kwa maji matamu. Hapo mama alishtuka. Yeye amezaliwa Wasini na kukulia kwenye maji ya mvua yanayowekwa birikani, na kummwagia chuma maji ya kunywa kwake ni israfu. Hatukuwa na jibu. Binti mdogo ndiye aliyeuliza kama maji ya udhu yanafaa. Fundi akasema yasiyo na chumvi yote yanafaa.

Siku ya kumi na tano, baada ya Alasiri, maji yalifika kwenye mizizi ya mikungu. Vijana walilishika trela wakaliingiza taratibu, nahodha akaachia winchi, na boti ikateremka kwa uzito wake yenyewe, pasipo mtu kuisukuma. Tulirudi nyumbani tukamkuta mama mlangoni. "Mbona hamjashua?" akauliza. "Sijasikia kitu."

Trela lilipovutwa hadi uani, watoto walitoka na beseni lililokingwa chini ya bomba la udhu tangu Alfajiri. Mkubwa alimimina, wa kati akazungusha rola kwa mkono, na yule mdogo akahesabu hadi tano.